Maswali ya Wasomaji: Ni kazi inayoniharibia mwenendo, au ni mimi mwenyewe?

*Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 34 na ni afisa mikopo wa taasisi moja ya fedha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nilipoanza kazi hii miaka minne iliyopita nilikuwa ninacheza mpira kila Jumamosi, sigara nilikuwa sijui ladha yake, na bia nilikunywa harusini tu. Sasa nina kitambi, ninavuta sigara nne au tano kwa siku, na karibu kila jioni, nikitoka kufuatilia marejesho Iyunga, Uyole au Mbalizi, ninapita kibandani kula chipsi mayai na mishikaki, kisha ninakunywa bia mbili au tatu ndipo niende nyumbani. Mchana sili, ninakunywa soda au kinywaji cha kuongeza nguvu kwa sababu muda haupo. Mwezi uliopita nilipimwa presha nikakutwa na 150 kwa 96. Mke wangu anasema nimekosa nidhamu, mimi ninasema ni kazi. Kila nikijaribu kuacha, ikifika tarehe 25 malengo ya mwezi hayajatimia, ninarudi kulekule. Niambie ukweli, nani kati yetu yuko sahihi?*

*Afisa mikopo, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yameishia kwenye maneno ambayo wewe umeyapitia harakaharaka: tarehe 25. Mtu aliyekosa nidhamu hushindwa tarehe yoyote. Wewe unaanza vizuri mwanzoni mwa mwezi, unashikilia kwa wiki mbili au tatu, halafu unaanguka siku zilezile ambazo simu ya meneja wa tawi inaita kila baada ya saa moja kuuliza kikundi gani cha wakopaji kimelipa na kipi hakijalipa. Kwa hiyo kabla sijamjibu mke wako, ambaye naye ana sehemu yake ya ukweli, naomba uelewe kwanza kinachotokea ndani ya mwili wako siku hizo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo hupokea amri na kumwaga kwenye damu homoni za tahadhari, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, na ini huachia sukari iliyokuwa imehifadhiwa ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupambana. Mpango huu ni mzuri sana kwa mtu anayefukuzwa na nyati, kwa sababu atakimbia, nguvu itatumika, na baada ya nusu saa mwili utatulia. Wewe hufukuzwi na nyati. Wewe umekaa juu ya pikipiki nje ya nyumba ya mwanakikundi ambaye amezima simu, unajua yumo ndani, unajua saa kumi kuna taarifa ya kutuma, na huna pa kukimbilia wala wa kupigana naye. Tahadhari imewashwa na haizimwi. Ikiendelea hivyo siku baada ya siku, kotisoli huchochea hamu ya vyakula vyenye sukari na mafuta mengi, na husaidia mafuta kujikusanya tumboni kuliko sehemu nyingine. Kitambi chako kimetokana na chipsi, ni kweli, lakini hata hamu ya chipsi ina chanzo chake.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo watu wengi hawaambiwi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima faida na hasara na kukumbuka ahadi ulizojiwekea, hufanya kazi kwa udhaifu mtu anapokuwa na msongo mkali au usingizi pungufu. Wakati huo mazoea ndiyo yanayoshika usukani, na mtu hufanya alichozoea kufanya hata kabla hajaamua. Jioni moja mwaka jana nilikuwa nimesimama Mwanjelwa nikisubiri bajaji, karibu na kijana anayekaanga chipsi. Alifika mtu mwenye begi la kazini begani na simu sikioni, na kwa namna alivyokuwa akijitetea nilielewa kwamba alikuwa akiongea na bosi wake. Hakusema neno lolote kwa yule kijana. Alinyoosha vidole viwili tu, na yule kijana akapasua mayai mawili, akamwaga chipsi kwenye kikaango, akanyunyiza chumvi mara moja, akanyunyiza tena, akapakia. Simu ilipokatwa chakula kilikuwa kimekwisha kufungwa, na yule bwana alikitazama kama anayeshangaa kimetoka wapi. Nilimhurumia, kwa sababu mtu huyo hakuwa amechagua chakula chake cha jioni; mazoea ndiyo yaliyomchagulia.

Sasa nije kwenye utafiti, maana umeniomba ukweli. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba kazi inayochosha zaidi si lazima iwe ile yenye mambo mengi. Kazi inayomvunja mtu ni ile inayodai mengi huku ikimpa mfanyakazi uhuru mdogo wa kuamua aifanyeje. Nchini Uingereza, uchunguzi wa watumishi zaidi ya 10,000 wa serikali ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot ulionyesha kwamba watumishi waliokuwa na mamlaka madogo juu ya kazi zao walipata magonjwa ya moyo zaidi, ingawa watu wengi walidhani wakubwa wenye majukumu mazito ndio wangeumia. Tazama kazi yako kwa jicho hilo. Lengo la mwezi linapangwa juu. Fedha ya kulipa iko mfukoni mwa mtu mwingine, na mfuko wake unategemea kama viazi vya Uyole vimepata bei, kama ada ya Januari imekwisha kumaliza akiba, kama mahindi yamekauka au bado yako shambani. Wewe umesimama katikati ukidaiwa matokeo ambayo huna uwezo wa kuyaamuru. Ukiniuliza, ninasema kazi yako ni mojawapo ya kazi ngumu zilizopo mjini Mbeya, na wanaoifanya hupewa pole chache kuliko wanazostahili.

Hata hivyo, usikimbie na barua hii kwa mke wako ukidhani nimekupa ushindi. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walikusanya takwimu za wafanyakazi zaidi ya 100,000 na kuangalia mambo mawili kwa pamoja, yaani msongo wa kazi na mwenendo wa maisha. Waliona kwamba wenye msongo walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wasio na msongo, kama ulivyotarajia. Lakini miongoni mwa hao hao wenye msongo, wale walioishi bila sigara, wenye uzito wa wastani, waliofanya mazoezi na kunywa kwa kiasi au kutokunywa kabisa, walipata ugonjwa huo kwa takriban nusu tu ya kiwango cha wenzao walioishi ovyo. Soma sentensi hiyo tena. Kazi ilikuwa ileile ya kubana, ila moyo ulipona zaidi. Kwa hiyo mke wako amekosea alipoiita tabia yako kukosa nidhamu, na wewe umekosea ulipodhani kwamba kwa kuwa chanzo ni kazi, basi hakuna la kufanya mpaka kazi ibadilike.

Tuanze na mchana, kwa sababu jioni yako inaharibikia mchana. Mtu aliyeamka saa kumi na moja, akanywa chai ya rangi, kisha akapitisha siku nzima kwa soda, hawezi kupita salama mbele ya kibanda cha chipsi saa mbili usiku. Hata mimi nisingeweza. Kinywaji cha kuongeza nguvu kinakuazima nguvu kwa riba: kafeini yake hubaki mwilini muda mrefu, kiasi kwamba baada ya saa tano hivi nusu yake bado inazunguka kwenye damu, ndiyo maana unafika kitandani macho makavu na kuhisi unahitaji bia ili usinzie. Ukiwa Uyole saa saba mchana, mama lishe ana wali, maharage na mboga za majani, na parachichi huku kwetu halijawa tunda la matajiri. Kaa chini, ule, simu ikiwa kimya kwa dakika 20. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano za kazi mfululizo, kwa hiyo unapokula huibi muda wa mtu.

Kuhusu sigara nitasema kwa kifupi, ila naomba unisikilize sana. Unaamini sigara inakutuliza. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvuta, na kinachotulia kwa sehemu kubwa ni kiu ya nikotini yenyewe, iliyoanza kukuudhi tangu sigara iliyotangulia ilipozimika. Watu wanaoacha, baada ya wiki kadhaa ngumu, huwa na wasiwasi mdogo kuliko walipokuwa wakivuta. Kosa lako ni la kalenda: usipange kuacha tarehe 20. Panga tarehe 3 au 4, taarifa za mwezi zikiwa zimekwisha kutumwa, ili ufike tarehe 25 ukiwa na wiki tatu nyuma yako. Na kwa kuwa unanunua mojamoja, jua muuzaji yupi hukuuzia na saa ngapi, kisha badilisha njia ya kupita.

Bia ina hila yake. Hukulaza haraka, halafu huuvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku, ukaamka saa tisa moyo ukidunda na kuanza kuhesabu wadaiwa. Asubuhi umechoka, unahitaji kinywaji cha kopo, na mduara umefungwa. Nadhani pia, na unisahihishe kama ninakosea, kwamba zile bia mbili ni mahali pako pekee ambapo hakuna anayekudai kitu, wala meneja wala watoto. Hitaji hilo ni halali kabisa. Litafutie mahali pengine. Egesha pikipiki nyumbani, kabla hujaingia ndani, tembea kwa miguu nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Kwa siku tano utakuwa umefikisha dakika 150, ambazo ndizo kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kwa wiki. Zaidi ya hesabu hiyo, kutembea ndiko kule kukimbia ambako mwili wako umekuwa ukikungojea tangu asubuhi. Mwombe mke wako akupe nusu saa hiyo bila kukuuliza ulikuwa wapi, na wewe umpe haki ya kukuuliza kila kitu baada ya hapo.

Kuhusu presha usifanye mzaha. Kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa, lakini 150 kwa 96 iko juu ya 140 kwa 90, mpaka ambapo presha huanza kuhesabiwa kuwa ya juu, na ni lazima upimwe tena siku nyingine tofauti, ukiwa umekaa na kupumzika, bila sigara wala kafeini nusu saa kabla. Ikibaki hapo, anza kliniki, na ukipewa dawa unywe. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile ambayo tayari imo ndani ya chakula. Kumbuka mkono wa yule kijana wa Mwanjelwa ulivyonyunyiza mara mbili.

Jambo la mwisho kwako ni daftari. Kwa wiki mbili, kila unapovuta, unapokula ovyo au unapokunywa, andika saa, na kilichotokea nusu saa kabla. Usijihukumu, andika tu. Wengi niliowahi kuwapa kazi hii hurudi wamegundua saa mbili au tatu za hatari, si siku nzima. Ukizijua saa zako, nenda nazo kwa meneja wako na uombe kitu kimoja kinachoweza kutekelezeka, kwa mfano kupanga mwenyewe mzunguko wa vikundi vyako kwa wiki, au simu za marejesho zikome saa mbili usiku. Mameneja wengi hukataa malalamiko, lakini ombi dogo lililopimwa hulisikiliza.

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni muuguzi Iringa. Nikiwa zamu ya usiku ninakula maandazi na soda mpaka asubuhi, na mchana usingizi hauji. Nimeongezeka kilo nyingi tangu nianze zamu hizi. Nifanyeje?*

*Muuguzi wa zamu*

Dada yangu, swali lako linanigusa kwa sababu nimelipitia. Nilipokuwa kijana kazini, saa tisa usiku nilikuwa ninaweka vijiko vitano vya sukari kwenye kikombe kimoja cha chai na kuona ni kawaida, kwa kuwa kila aliyekuwa pale chumbani alifanya hivyo. Mwili una saa yake, na usiku uwezo wake wa kushughulikia sukari hupungua, kwa hiyo andazi lilelile linapandisha sukari ya damu zaidi usiku kuliko lingeliwa asubuhi. Usingizi pungufu nao huongeza njaa. Hukuwa mlafi, ulikuwa macho katika saa ambazo mwili ulitarajia umelala.

Kula mlo wako kamili jioni kabla ya kuingia zamu, ugali na maharage au ndizi na nyama kidogo na mboga. Beba chakula chepesi cha kula kabla ya saa sita usiku: yai la kuchemsha, karanga, kiazi kitamu, tunda. Baada ya hapo kunywa maji, na chai kama utaihitaji iwe ya mwanzoni mwa zamu. Ukitoka asubuhi, usipitie sokoni kwanza ukazunguka juani. Mwanga mkali wa asubuhi huuambia ubongo kuwa siku imeanza. Nenda nyumbani, funga mapazia mazito, na uwaeleze majirani na ndugu, hata mama mkwe, kwamba saa nne asubuhi kwako ni usiku wa manane. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote katika nyumba zetu, ninalijua. Na angalia hati yako ya mshahara: kazi inayofanywa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya angalau asilimia 5 kwa sheria.

*Daktari, nina kiwanda kidogo cha kupasua mbao karibu na Mafinga, nina vijana 14. Wanakuja na harufu ya pombe asubuhi, wengine ulanzi, wengine pombe kali. Nimefukuza watatu mwaka huu na walioingia badala yao wamekuwa vilevile. Je, niendelee kufukuza?*

*Mama wa mbao*

Mama, umeuliza swali ambalo waajiri wengi huona aibu kuliuliza, nami ninakushukuru. Kwanza, mtu aliyelewa asiguse msumeno hata dakika moja, na hapo pasiwe na mjadala. Ni wajibu wako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ni uhai wa mtu. Mrudishe nyumbani siku hiyo. Lakini kama watatu wameondoka na watatu wapya wamefanana nao, basi chunguza pia mahali wanapofikia.

Nakuuliza yafuatayo. Wanaanza saa ngapi, na wanamaliza saa ngapi? Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 hesabu inayoonyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Sheria yetu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, tena kwa malipo ya mara moja na nusu. Je, unawalipa kwa idadi ya mbao? Kama ndivyo, kijana hupumzika kwa hasara yake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo atatafuta kitu cha kuzima maumivu ya mgongo kwa bei nafuu. Viroba, ile pombe kali ya kwenye vifuko vidogo, vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini chupa ndogo zipo, na baridi ya Mafinga mwezi wa Juni saa kumi na mbili asubuhi unaijua kuliko mimi. Mtu ambaye hajala, anayetetemeka, na anayesubiriwa na gogo, ataona pombe kali ni koti.

Ningekuwa mimi, ningeanza na sufuria kubwa ya uji wa ulezi, wa moto, ukiwa tayari kabla mashine haijawashwa, na mapumziko yanayolipwa ifikapo saa nne asubuhi, hata kama ni robo saa. Gharama yake kwa vijana 14 ni ndogo kuliko kidole kimoja kilichokatika. Ningehamisha siku ya malipo kutoka Jumamosi jioni kwenda katikati ya wiki, na kwa simu badala ya fedha mkononi. Kisha ningekaa na kila mmoja peke yake, bila mnyapara kuwepo, nikamuuliza analala wapi, amelala saa ngapi jana, na anamtumia nani fedha. Baadhi yao watakuwa wamefika mahali ambapo pombe imekuwa ugonjwa. Akiacha ghafla anatetemeka, anatoka jasho, anaona visivyokuwepo. Huyo usimwache aache peke yake chumbani. Mpeleke hospitali, kwa sababu kuacha ghafla kwa mtu wa namna hiyo kunaweza kumwua, na umwekee nafasi yake mpaka arudi. Fanya haya kwa miezi mitatu, halafu niandikie tena uniambie ni wangapi kati ya 14 wamebaki.